Fakhria na Darasa la Simu

Fakhria binti Thuwaini alikuwa mwalimu wa historia mjini Tabora, na mwaka 1972 alipata nafasi ya kusomea shahada ya pili Dar es Salaam. Sanduku lilikuwa limeshafungwa baba yake alipopooza upande mmoja. Fakhria akalifungua, akarudisha nguo kabatini.

Mhadhiri aliyepangiwa kumsimamia huko Dar, Bwana Damas, hakukubali kumkosa. Utafiti wa Fakhria juu ya wapagazi wa misafara ya zamani ulimvutia mno. Akahangaika ofisi hadi ofisi, mwisho ikakubaliwa: kila Alhamisi alasiri Fakhria aketi kwenye kibanda cha simu posta, na huko Dar wenzake waizunguke simu iliyofungwa kipaza sauti. Hawakuwahi kumwona. Walimwita Tabora.

"Tabora, unatusikia?"

"Nawasikia."

Wakati mwingine walicheka jambo asilolijua, naye akacheka pia, peke yake kibandani.

Siku ya kutetea tasnifu yake, mzee aliamka akihema kwa shida. Fakhria alikuwa ameshavaa baibui, akalivua.

"Siendi, baba. Watanisubiri."

"Utakwenda," mzee alisema, maneno yakimtoka kwa taabu. "Semeni yupo."

Semeni alikuwa dada wa mzee, shangazi yake Fakhria. Fakhria akambusu baba mkono, akaenda.

Alikuwa katikati ya jibu alipomwona shangazi yake nyuma ya kioo cha kibanda, amesimama pekupeku. Hakuhitaji kuambiwa. Mkonga wa simu ukamponyoka, ukaning'inia kwenye waya wake.

"Tabora?" Damas aliita. "Tabora, umepotea?"

Walimzika mzee jioni ile ile. Kwa miezi mingi Fakhria hakuipita njia ya posta. Alikuwa amekataa kwenda Dar kwa ajili ya baba, na saa ya baba kukata roho ilipofika hakuwapo.

"Usijitese, mwanangu," Semeni alimwambia siku moja. "Aliniuliza, 'Wameshaanza kumhoji?' Nikamwambia ndiyo. Akafumba macho."

Fakhria akalia kama siku ya msiba, ila safari hii alilala usingizi.

Mwaka uliofuata alihojiwa upya, akafaulu. Makofi yakamfikia kwa mkwaruzo wa waya.

"Sasa njoo tukuone," Damas alisema kwa furaha.

Kweli, hapakuwa tena na mtu wa kumzuia. Opereta wa posta akauliza kama akate simu.

"Ngoja kwanza, kaka," Fakhria alisema, akabaki na mkonga sikioni, akisikiliza viti vikiburutwa na wenzake wakitoka nje mmoja mmoja.