Kidole Chenye Nanasi

Triza amekuwa jirani yangu hapa Shauri Moyo miaka kumi na minne, na sijawahi kumwona ameketi mchana. Saa kumi alfajiri yuko sokoni akichagua mananasi. Kufikia saa nne yuko karibu na soko la nyama la Burma, anamenya na kukata, kwa sababu mtu akishiba nyama choma hutaka kitu kitamu cha kusafisha mdomo. Mikono yake hunukia nanasi hata kanisani. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba amechoka mno, nikamwuliza ni nani hajachoka. Mambo yangeishia hapo ingekuwa heri.

Ndipo akaja kijana mmoja akaweka meza nje ya kanisa, anauza vimashine vya kujipima sukari. Alieleza harakaharaka: jichome, gusisha damu, soma. Hakuna foleni, hakuna daktari wa kukukaripia. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Triza alikitia mkobani na hakukitoa tena.

Alijipima saa tisa, wateja wanapopungua, palepale mezani pake. Alifuta kidole kwa kitambaa cha kazi, akajichoma. Kumi na nne. Kesho yake kumi na sita. Mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa wa sukari, kwa hiyo najua kwamba ikivuka kumi si mambo ya mchezo. Triza akaacha chai ya maziwa, akaacha ugali, akawa anakula mboga chungu asubuhi na jioni. Alikonda. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi kuchoka, na mashine ikabaki na hesabu zake zilezile.

Mumewe, Bwire, hugonga masanduku ya bati kule Kamukunji. Ni mtu wa mzaha, na siku hizo mzaha wake ndio pekee uliokuwa na nguvu katika nyumba ile. Jumapili moja, mimi nikiwa kwao, alikuwa ametoka kuoga, shati bado mkononi, Triza akamchoma kidole akampima. Kumi na nane. Bwire akaitazama ile namba, akachukua chupa yake ya maji, ya lita mbili, ambayo huimaliza mara tatu kwa siku, akanywa.

"Mgonjwa mmoja anatosha kwa hii nyumba," akasema.

Tulicheka. Alidai kwamba mashine imeshazoea damu ya mke wake, inarudia tu. Nilimtupia methali, mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu kwamba hana maradhi, ana jua la Kamukunji. Nikaachana naye. Aliyekuwa akininyima usingizi ni Triza.

Sasa niseme langu. Mama alipofariki aliacha kopo la vidonge vya sukari, nami sikuwa na moyo wa kuvitupa. Nikampelekea Triza. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimwambia ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama mama, nikarudi kwangu nikijiona mtu mwema. Siku ya nne aliangukia mananasi yake.

Nilipigiwa simu na mwenye kibanda cha jirani. Tulimbeba hadi zahanati, mimi nimeshika mkoba wake na mfuko wa vipande alivyokuwa ameshakata, maana sikujua nivifanyeje. Muuguzi, bwana mmoja aitwaye Nalianya, alimwosha kidole kwa sabuni akampima kwa mashine yake. Mbili nukta moja. Alisema sukari imemwishia mwilini, akamwekea dripu upesi. Nilimtolea lile kopo la mama. Alilisoma, akaliweka mezani, akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala tangu jana. Afadhali angenigombeza.

Kwa hasira nikakitoa kile kimashine, nikasema mwongo ndiye huyu. Nalianya alibofya akaona kipimo cha mwisho, cha saa ileile aliyoanguka Triza: kumi na tano. Kisha akaenda kunawa kwa sabuni, akajichoma mwenyewe, akajipima nacho. Tano nukta mbili. Akaniomba kipande cha nanasi. Alikibonyeza kwa kidole kingine, akakifuta kidole kwa kitambaa kama afanyavyo Triza, akajichoma tena. Kumi na tano.

"Mashine haina makosa, mama," akaniambia. "Ilikuwa inapima nanasi."

Alikitoa kijitabu mkobani, akanitafsiria mstari wa kwanza kabisa. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Miezi miwili mwanamke mzima amejinyima chakula, nami nikakaribia kumuua kwa vidonge vya marehemu, kumbe hana sukari. Amechoka tu, kwa kuamka saa kumi miaka yote hiyo, na uchovu wa namna hiyo hakuna anayeuuzia mashine nje ya kanisa. Niliapa kwamba nikitoka hapo nakitupa kile kidude mtaroni.

Triza alikuwa amefungua macho, dripu imefika nusu. Nilimwinamia nikamweleza yote polepole, nikimwomba msamaha katikati ya kila sentensi. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Alikuwa anaitazama mikono ya Nalianya, ambayo ilikuwa na maji, maana alikuwa amenawa tena.

"Mama Kiarie," akasema, "Bwire alikuwa ametoka kuoga."

Nikakirudisha kimashine mkobani taratibu, nisije nikakivunja.