Sahani ya Bi Rukia

Watu wa bara wakija kwetu huniuliza Mombasa kuna nini cha kuona, nami huwatajia yale yale: feri, Laithausi, Ngome, milango ya Mji wa Kale. Moyoni lakini huwa naiona sahani. Sahani nyeupe ya kaure, ukingo wake wa kijani, na mikono ya shangazi yangu imeishika.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikaa Mikindani, nikifanya kazi kiwandani Changamwe, naye shangazi, Bi Mwanasha, alikuwa Timbwani, upande wa Likoni, katika nyumba aliyoolewa. Mumewe alifariki, akakaa eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Eda ilipokwisha nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumchukua nimtembeze mji. Marehemu alikuwa amemwahidi kumpeleka akaione Ngome kwa ndani. "Inshallah wiki ijayo," alikuwa akisema, na wiki hiyo haikufika. Nikaona kiporo hicho nikimalize mimi.

Asubuhi, Timbwani. Nilimkuta ameshavaa buibui, na mezani pana sahani imejaa vitumbua. Harufu ya iliki ilikuwa imenipokea tangu mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuze tutapita kwanza au mwisho?"

"Kuze kuna nani?"

"Kuna mwenye sahani."

Mwenye sahani nilimjua. Bi Rukia wa Kuze, huko Mji wa Kale, alikuwa shoga yake tangu chuoni, walikosoma Kurani wakiwa wasichana. Walikosana kwa ajili ya harusi. Bi Rukia alipomwoza bintiye, hakuja mwenyewe kualika, wala hakutuma mtu mzima apige hodi na kukaa kitako, kama ilivyo ada yetu. Alipeleka kadi. "Kadi!" shangazi alikuwa akisema, miaka nenda miaka rudi. "Kwani mimi ni ofisi?" Harusini hakwenda, na tangu hapo hawakusemezana.

Kisha, siku za matanga ya mumewe, ikaja sahani ile imejaa mahamri. Aliyeileta alisema tu kwamba imetoka Kuze. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Ukiirudisha na kitu, umesema tuendelee. Ukiirudisha tupu, umesema yamekwisha. Shangazi aliiweka rafuni eda nzima, akiitazama, na jibu lake lilikuwa vile vitumbua.

Feri ilikuwa imejaa watu na mikokoteni ya mboga. Shangazi aliibeba sahani kifuani, kila anayemkaribia anamwambia, "Taratibu, baba, taratibu." Nilimwomba nimpokee akakataa. Upepo ulimpiga usoni, akafumba macho, akasema alikuwa amesahau kwamba bahari ina baridi. Nilifurahi kumwona nje tena.

Laithausi tulifika jua likianza kukaza. Ni mwendo mfupi tu kutoka ferini, juu ya majabali, mahali ambapo watu wa mji hupunga upepo, hunywa madafu na kula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Meli huingia bandarini karibu yako kiasi cha kuwaona mabaharia wakianua nguo. Tukakaa. Shangazi akaweka sahani kando yake, akaondoa kitambaa alichoifunikia ili vitumbua visitote kwa mvuke.

Hapo likapita kundi la kina mama kutoka bara, wageni wa mji, wamevaa vitambaa vya rangi moja kichwani, wameshika viatu mkononi. Walikuwa wakiiona bahari kwa mara ya kwanza. Mmoja akatusalimu, macho yake yakaiangukia sahani.

"Karibuni," shangazi akasema.

Msomaji wa pwani anajua. Ukiwa na chakula mbele yako na mtu akapita, huna budi kumwambia karibu, naye huitikia, "Ahsante, starehe," akaenda zake. Wale kina mama walishukuru kwa moyo mweupe, wakaketi. Mmoja akasali kwa sauti, akatuombea baraka, kisha mikono ikaanza kuingia sahanini. Nilimtazama shangazi. Uso ulikuwa umemwiva, lakini ulimi wake wa kipwani haukuweza kujizuia. "Kuleni, jamani. Ongezeni," akawa anasema, na kile cha mwisho akakisukuma mwenyewe kwa bibi mmoja aliyekuwa akikionea haya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji hakupona.

Walipoondoka, tukabaki na sahani na makombo.

"Turudi nyumbani," shangazi akasema.

"Tutanunua halua njiani, shangazi."

"Halua ya dukani? Yeye alinipikia kwa mkono wake. Nikimpelekea ya kununua, hiyo si kadi nyingine?"

"Basi tutarudi siku nyingine."

"Siku nyingine," akasema polepole, kama anayeonja chakula asichokiamini. Kisha akainuka. "Nipeleke Ngomeni kwanza."

Adhuhuri tuliingia Ngome. Kuta zake nene zilitupa kivuli cha baridi. Nilimwonyesha mizinga, kisima, michoro ya zamani ukutani, nikijifanya mjuzi, naye akawa anaitikia "ehe, ehe" bila kusikiliza. Juu ya ukuta, pale unapoona mapaa ya Mji wa Kale yamebanana mpaka chini majini, alisimama muda mrefu.

"Mume wangu alikuwa na siku nyingine nyingi," akasema. "Haya, nionyeshe Kuze iko wapi."

Nikamwonyesha. Akaifuta sahani kwa ncha ya mtandio, akashuka ngazi mbele yangu.

Mji wa Kale tuliupita haraka mno, na mpaka leo naona uchungu. Milango ya nakshi, roshani za mbao, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, vyote nilivitazama kwa pembe ya jicho. Mguu wa shangazi ulikuwa haushikiki. Mlangoni kwa Bi Rukia akapiga hodi.

Bi Rukia alifungua mwenyewe. Alikuwa amezeeka. Alimtazama shangazi, uso ukamfunguka, halafu akaiona sahani tupu.

"Ahsante kwa kuileta," akasema, akanyoosha mkono.

Shangazi hakuiachia. "Usinune kabla hujasikia. Nilikukaangia vitumbua, wallahi. Vimeliwa Laithausi."

"Na nani?"

"Wageni wa bara. Wamepita, nikawaambia karibu."

Bi Rukia akakodoa macho. "Wakakaribia?"

"Wakakaribia!"

"Vyote?"

"Na kusali wakasali."

Bi Rukia alianza kutikisika mabega, kisha akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka machozi. Shangazi naye akashindwa kujizuia. Wazee wawili wakaegemeana kizingitini, sahani katikati yao, majirani wanachungulia.

"Ndoo, ingia ndani, Mwanasha," Bi Rukia akasema akijifuta. "Ile kadi nilikosea. Ingenipasa nije mimi kwa miguu yangu. Nisamehe."

"Na mimi ingenipasa nije harusini hata bila kualikwa," shangazi akajibu, na sasa kilio kilikuwa kilio kweli.

Jioni tulivuka kurudi Likoni, sahani imejaa mkate wa mayai wa moto. Ferini vijana wawili wakasimama karibu yetu wakinusa. Nikamnong'oneza shangazi, "Tafadhali, usiwaambie karibu." Akaificha sahani ndani ya buibui.

Tangu siku ile sahani haikutulia. Ikienda Kuze na vitumbua, hurudi Timbwani na katlesi. Siku shangazi alipofariki, ilikuwa Kuze. Bi Rukia aliileta matangani mwenyewe, akitembea kwa mkongojo, imejaa mahamri, akaiweka mikononi mwangu.

Safari ile ilinifundisha kwamba uzuri wa mji ni mlango wa kubisha ukafunguliwa. Leo nimeamka alfajiri hapa Mikindani, nimekaanga vitumbua. Vikipoa nitavuka Makupa niende Kuze moja kwa moja. Laithausi sipiti.