Kuoga na Kuogelea

Kiangazi cha mwaka tisini na nane, mimi ndiye niliyepewa filimbi. Kanisa letu la wazungumzaji wa Kiswahili lilikuwa limekwenda pikiniki ufukweni mwa Ziwa Ontario, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kuogelea kwenye bwawa la mtaani kwetu, St. James Town, nikafanywa msimamizi wa maji. Mzaliwa wa Tanga na filimbi shingoni! Nilijiona waziri.

Tulikodi mtumbwi wa plastiki wa watu wanne. Wanne walipokwisha kuvaa jaketi za kuokolea, moja ikakatika mkanda. Sheria ilikuwa kila mtu avae au asipande. Mimi nikaona nina akili kuliko sheria: atakayekaa bila jaketi awe anayejua kuogelea.

Nikamwendea mmoja wa wale wanne, dada mgeni aliyefika kutoka Bukavu miezi michache nyuma. Jaketi yake ilikuwa nzima.

"Wewe unajua kuogelea?"

"Kwetu nilikuwa naoga mu ziwa kila siku, dada."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama amekuja na sabuni. Kwa Kiswahili cha kwao neno hilo hubeba yote mawili, kujisafisha na kuogelea, na hilo nililijua vizuri. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: maji yalikuwa yakimfika wapi? Sikuliuliza. Wiki ile kwaya ilikuwa imempa yeye ubeti niliouimba mimi miaka mitatu, na roho ilikuwa ikiniuma.

"Kuoga ni bafuni, mama," nikasema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa wakichoma nyama. "Hapa tunaogelea. Haya, sema."

Akatazama mchanga. "Kuogelea."

"Unajua?"

"Ndiyo."

Aliitikia ili wanyamaze. Niliiona aibu usoni mwake, na nakiri kwamba ilinifurahisha. Nikamfungulia jaketi kwa mikono yangu, nikampa mwenye mkanda uliokatika.

Hawakufika hata kwenye maboya. Mmoja aligeuka kupigwa picha, mtumbwi ukapinduka. Vichwa vitatu vikaibuka na jaketi zao za rangi ya machungwa. Cha nne hakikuibuka. Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena na tena, nimesimama pale pale, maji yakiwa magotini. Bwawani nilizoea ukingo wa kushika.

Mwokoaji, binti mdogo tu, alinipita mbio akajitosa. Alimtoa akiwa na midomo ya kijivu, akamlaza, akambonyeza kifua mpaka akatapika maji. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, nani aliyemruhusu apande hivi.

Wote wakanitazama mimi.

"Alisema mwenyewe anajua kuogelea," nikajibu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

Pale mchangani, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Nilisema kuoga."

Alipona. Jumapili zilizofuata nilikuwa nikimsalimu mlangoni mwa kanisa, habari za asubuhi, habari za nyumbani, naye ananijibu kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe alikuwa ndio anajifunza, kimejaa makosa. Aliniongelesha kwa Kiingereza hicho miaka yote hadi alipohamia Scarborough, na mimi sikuthubutu kumsahihisha hata neno moja.