Kapeti ya Gari ya Baba

Kumbe miaka hii yote gari imekuwa ikichoma miguu upande mmoja tu.

Gari ya marehemu baba imenizidi umri. Joto ya injini inaingia ndani mpaka soli ya kiatu inanuka. Nilidhani magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Leo nikachoka. Nikaipeleka kwa fundi Guyo hapa Kiwanjani. Akaziba matundu yote pale nyaya zinapita kutoka kwa injini, kisha akaniambia, "Sasa ng'oa kapeti, tuweke kitu ya kuzuia joto."

Nikang'oa upande wa dereva. Bati tupu.

Nikang'oa upande wa abiria.

Ngozi ya kondoo. Chini yake magunia mawili yameshonwa pamoja kwa mkono. Mshono naujua, ni ule baba alikuwa anashonea matandiko ya ngamia.

Guyo akauliza, "Huku alikuwa anakaa nani?"

Mama.

Na sisi tulikuwa tunamcheka mzee, eti anaendesha na akala, vile viatu vizito vya tairi, hata siku ya Idd.

Saa hii pande zote zimepoa. Nimezunguka mpaka soko ya mifugo nikarudi, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Unaskia vile kumepoa?" Tangu mama amfuate baba, hakuna mtu amekaa kiti ya abiria hapo mbele.

Kesho asubuhi naenda Bulla Pesa. Kama unaelekea huko, hata kama ni hapo karibu tu, niandikie hapa chini nikubebe.

Kiti ya mbele haichomi. Haikuwahi kuchoma.