Kitanda Kilichorudi Stoo

Asubuhi niliyohama chumba changu karibu na soko la nguo la Shisanhang sikuwa na mpango wowote, na sijui kwa nini watu huona hilo ni kosa. Mipango nimewahi kuwa nayo. Nilipanga kumaliza shule, nikaishia kidato cha pili. Nilipanga kukaa Guangzhou wiki tatu, na huu ni mwaka wa sita. Basi siku hiyo nilikunja nguo, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikapita katikati ya mikokoteni ya nguo niliyokuwa nikiisukuma kwa miezi minane kwa ajili ya wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa. Kazi haikuwa mbaya. Ila nilikuwa nimeshaijua, na kitu nikishakijua miguu huanza kuniwasha.

Kufika saa sita nilikuwa mtaa wa Dengfeng, kwenye mgahawa wa Mkongomani mmoja, mbele ya sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu cha Kikongo. Meza ya jirani alikaa mama wa Kichina, mtu wa makamo. Alikuwa akijaribu kumweleza mwenye mgahawa jambo fulani, na mwenye mgahawa alikuwa akijaribu kumwuzia samaki. Nikaingilia kati kwa Kichina changu cha sokoni. Kichina hicho kinatosha kushusha bei na kukataa. Siku hiyo niligundua kwamba kinatosha pia kuajiriwa.

Mama yule alikuwa msimamizi wa nyumba ya kupangisha, ghorofa saba, nyuma ya mtaa huohuo. Iliendeshwa na jumuiya ya watu wa hisani kwa ajili ya wageni waliokwama: wagonjwa wanaosubiri matibabu, akina mama waliojifungua ugenini, wafanyabiashara waliopoteza mzigo. Kodi ilikuwa ndogo. Lakini fahari ya nyumba, alinieleza, haikuwa kodi. Fahari yake ilikuwa kuzingatia mila za wakazi. Yeye mwenyewe alikuwa amehudhuria semina. Sasa alitafuta mhudumu wa wakazi, mtu anayejua utamaduni wa Kiafrika.

"Wote?" nikauliza.

"Wote," akasema.

Nikamwambia ninaujua.

Tangu hapo akaniita laoshi, yaani mwalimu, mimi niliyewakimbia walimu. Nilipewa fulana ya kijani na chumba cha wahudumu, ghorofa ya chini kando ya stoo. Mapokezini palikuwa na pundamilia aliyechorwa ukutani, na ngoma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipiga kwa sababu ya majirani.

Kazi yenyewe haikuhitaji ngoma. Nilipeleka watu kituo cha polisi kuandikisha anwani, maana hapa mgeni lazima ijulikane analala wapi, hadi namba ya chumba. Nilifundisha takataka ipi ni ya jikoni na ipi ni ya plastiki. Nilisuluhisha kesi ya samaki mkavu aliyesahauliwa ndani ya lifti kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Juu ya yote hayo kulikuwa na daftari la mila. Kila mkazi aliulizwa swali moja: mila yako inahitaji nini ili ujisikie uko nyumbani?

Mzee mmoja wa Mombasa alisema, "Andika sufuria yangu isiguswe." Jamaa wa Nairobi alisema, "Andika wai-fai." Mama mmoja wa Lubumbashi, wa chumba 309, aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye kandambili.

"Papa, mila yangu ni mlango wa kufunga. Na mutu asiniulize-ulize."

Niliandika yote. Msimamizi alistaajabu jinsi tulivyo na tamaduni nyingi.

Huyo mama wa 309 alikuja kununua nguo, akateleza kwenye ngazi za soko na goti likapasuka. Alikuwa amepasuliwa mara moja, na alingoja mara ya pili. Viza yake ilikuwa ukingoni. Maombi ya kuongezewa muda yalisimama juu ya karatasi moja tu, ile ya polisi inayosema kwamba analala chumba 309. Bila karatasi hiyo hakuna viza, na bila viza hakuna goti. Aliihifadhi ndani ya Biblia, imefungwa kwa plastiki, na alinionyesha mara kwa mara kama watu wengine wanavyoonyesha picha ya mjukuu.

Jumatatu moja asubuhi alipigiwa simu kutoka kwao. Nilisikia kilio kabla lifti haijafika ghorofa ya tatu. Mama yake mzazi alikuwa amefariki. Nilimkuta amekaa sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha.

"Papa, batu batakuya kulia na mimi. Kitanda itoke."

"Mama, na goti?"

"Goti ni yangu. Mu matanga hatulale ku kitanda."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilijua ninachokijua. Kwetu Pwani nako msiba ukiingia vitanda hutoka. Mikeka na magodoro hutandikwa chini, na watu hulala hapohapo na mfiwa mpaka matanga yaanuliwe. Nilikuwa nimeyaona tangu utotoni. Nilikishika kile kitanda kama mtu aliyepandishwa cheo. Koridoni hakikuruhusiwa kukaa kwa sababu ya kanuni za moto, basi nikakishusha hadi stoo.

Mtunza stoo alikuwa mzee wa Kichina mwenye funguo nyingi na maneno machache. Alinisukumia fomu. Herufi za Kichina ninazozitambua ni za bei, ukubwa na rangi, na humo hamkuwa na bei, ukubwa wala rangi. Nikatia saini. Akagonga muhuri.

Matanga yalikuwa mazuri, kama inaruhusiwa kusema hivyo. Wanawake wa Kikongo walikuja na magodoro na chupa za chai, wakaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mwenye mgahawa akaleta sombe sufuria nzima. Msimamizi alichungulia, akaona wanawake tisa wamelala sakafuni, akaweka mkono kifuani. Hiki ndicho hasa, aliniambia, tulichofundishwa kwenye semina. Akaniagiza nikiandike daftarini. Nilikuwa nimeshakiandika, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi ya siku ya tatu, tukijiandaa kuanua matanga, mlango uligongwa. Nje alisimama mwanamume wa Nairobi, sanduku la magurudumu nyuma yake, karatasi yenye muhuri mkononi.

"Niaje wasee," akasema. Kisha akaona kilichokuwa ndani. "Aki poleni. Hii ni 309?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi ni rum yangu. Nishaandikishwa, hadi kwa polisi."

"Yako?" akauliza mmoja wa wanawake kutoka sakafuni. "Na sisi ni mazulia?"

Nilishuka mbio. Mtunza stoo alitoa ile fomu, akaweka kidole juu ya saini yangu, akakiacha hapo. Nikamwita msimamizi, akanisomea: kitanda kimerudishwa, mkazi wa 309 amehama, chumba kiko wazi. Akanieleza kwa upole kwamba nyumba hii huhesabu wakazi kwa vitanda. Mtu aweza kusafiri akaacha nguo, na nguo si ushahidi wa kitu. Kitanda kikirudi stoo, mwenyewe amehama, na ofisi hupeleka taarifa polisi siku hiyohiyo. Kwa hiyo tangu Jumatatu mama wa 309, mwenye viza inayosubiri jibu, kwenye karatasi hakuwa akilala popote.

"Laoshi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliwaona sakafuni. Ulisema ni vizuri."

"Nilidhani kitanda kiko chumba cha jirani."

Nilipanda kumwambia mwenyewe. Nilitumia ngazi ili nichelewe. Nilimweleza yote: fomu, saini, muhuri. Alisikiliza hadi mwisho, akaichomoa karatasi yake kutoka kwenye Biblia, akaigeuza huku na huku.

"Hii imekufwa?"

"Ndiyo, mama."

"Papa, wewe ulisoma wapi?"

"Sikusoma sana, mama."

"Njo maana unaweka sinyature ku kila karatasi."

Wanawake wote tisa wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha siku tatu na nilikistahili. Kisha mama akaanza kulia tena, na mara hii hakuwa akimlilia marehemu. "Mama yangu amekufwa, nimekubali," akasema. "Na goti yangu nayo ikufwe?"

Tulikwenda kituoni sisi watatu, msimamizi, mgeni wa Nairobi na mimi. Ofisa alikuwa mpole. Alisema ataweza kumrudisha mama 309 ikiwa huyu bwana ataandikishwa chumba kingine kabla ya saa sita. Mchana ofisi ya viza ingeyafungua maombi, na anwani isipokuwepo yangerudishwa.

"Mei you," akasema msimamizi. Hakuna. Nyumba imejaa.

Ofisa akaangalia saa, msimamizi akaangalia dari. Mimi niliangalia fulana yangu ya kijani. Chumba cha wahudumu kilikuwa na namba, dirisha, na kitanda ambacho hakijawahi kwenda popote.

"Mpe changu," nikasema.

Msimamizi alihuzunika kweli, siwezi kumsingizia. Kanuni ilisema mhudumu lazima alale ndani ya nyumba, na asiyelala ndani si mhudumu. Akaniomba radhi mara mbili. Kisha akamgeukia yule jamaa wa Nairobi, akamtazama kwa matumaini niliyoyakumbuka vizuri, akamwuliza kama anajua utamaduni wa Kiafrika.

"Wote?" akauliza jamaa.

Nikamwambia kwa Kiswahili aseme ndiyo.

Saa sita kasorobo mama alikuwa na karatasi mpya, na msimamizi akaikimbiza mwenyewe ofisi ya viza. Kitanda nilikirudisha mimi. Mtunza stoo alipotoa fomu nilimfanya aisome neno kwa neno, na nadhani siku hiyo alitumia maneno yake ya mwaka mzima. Wanawake walikuwa wameshaanua matanga na kufagia. Mama alinishika mkono.

"Enda muzuri, papa. Na usisinye karatasi njiani."

Mapokezini, mhudumu mpya alikuwa ameshavaa fulana. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

"Sasa unaenda wapi, bro?"

"Sijui."

"Enda Xintang, penye nimetoka. Juu ya karakana ya jinzi. Mathe mwenye nyumba hana maswali mingi. Mwambie ni mimi nimekutuma. Na hii daftari ya mila inaandikwanga aje?"

"Unauliza, wanakujibu, unaandika."

"Ni hivyo tu?"

"Mpaka siku utakapojua kitu," nikasema. "Hapo ndipo uwe mwangalifu."

Nilipanda treni ya chini ya ardhi, na alasiri nilikuwa Xintang. Vinyuzi vya bluu vilikuwa vimeganda kwenye kingo za madirisha, na suruali zilirundikwa kandokando ya njia kama magunia ya makaa. Mwenye nyumba nilimkuta akikata nyuzi kwenye mifuko ya jinzi. Alichukua pasipoti yangu bila kuacha mkasi. Alipotoa fomu nikamwomba anisomee. Aliisoma kwa kunishangaa: jina, namba ya pasipoti, namba ya chumba. Hakuna aliyetaka kujua mila yangu. Nikatia saini.

Nilikuwa bado kwenye ngazi simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka 309.

"Papa, maombi wameipokea, karatasi iko. Goti itapasuliwa mu mwezi huu. Kitanda nayo iko, lakini mugongo inanisumbua, nilishazoea chini."

Chumba kilikuwa kidogo, kinatikisika kidogo kwa cherehani za chini. Kitanda kilikuwa cha chuma, na miguu yake yote minne ilikuwa imefungwa kwa boliti sakafuni. Nikaweka begi chini, nikakishika pande mbili, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hakikusogea. Nikalala.