Mzee Breki na Basi za Mwenyekiti

Kuna watu wanaoogopa nyoka, na kuna wanaoogopa wakwe zao. Mzee Breki, dereva wa lori la matairi kumi na nane, aliogopa kitu kimoja tu duniani: neno "basi".

Usicheke kwanza. Watu wa malori wananielewa. Lori likirudi nyuma kuingia ghalani, mtu husimama kule nyuma akaita, "Lete, lete, lete," mpaka aseme, "Basi!" Hapo mguu unakanyaga breki kabla akili haijauliza kwa nini. Mguu ukichelewa, umebomoa ukuta, au umemlaza mtu. Miaka thelathini na mmoja mguu wa Breki haukuchelewa hata mara moja. Hata kuku hakumgusa, na kuku wa barabara zile nawafahamu mimi, ni kuku waliochoka kuishi.

Neno lenyewe lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Basi la abiria hakuliita basi, aliliita "lile gari refu la watu". Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akimmiminia chai, Breki akasema "basi" na tone moja likazidi, asubuhi yote imeharibika.

"Baba watoto, hili ni birika, si lori."

"Birika lisilosimama nalo litaua mtu."

Sasa, bosi wake alikuwa kijana aliyerithi malori kwa marehemu baba yake. Breki alikuwa amempakata kwenye usukani uleule wakati bado anavaa nepi, na suruali moja iliharibika siku hiyo, lakini hayo tuyaache. Kijana alimwita ofisini.

"Mzee wangu, safari ya saa nne wewe unatumia saa sita. Watu wananicheka. Jumamosi lori linabeba kamati kwenye maandamano ya sikukuu ya mtaa. Ukinivusha bila aibu, usukani ni wako. Ukiniaibisha, Jumatatu unakabidhi ufunguo, nakuwekea kiti pale getini."

Kiti getini! Mwanamume aliyeshusha tani thelathini mlimani kwenye ukungu, leo afungue geti na kuuliza watu wanamtafuta nani?

Kamati nayo ilikuwa imekaa vikao vitano. Vitatu vilijadili rangi ya maputo, viwili vikajadili nani akae ubavuni kwa mwenyekiti. Usalama uliwekwa kwenye "mengineyo", na kikao kikafungwa kabla ya kufika huko. Kwa hiyo Breki akaja mwenyewe na kamba zake, na mkewe akaja na mkasi. Viti vyote vifungwe kwenye tela, na wakaaji wafungwe kwenye viti. Hakuna kusimama. Hakuna kurusha pipi, watoto wasije wakazikimbilia kwenye matairi. Kila ubavu wa lori atembee mtu mmoja, akiona hatari ainue ngumi na kuita "basi". Na mapazia ya urembo yaliyoning'inia ubavuni yaishie juu ya matairi.

Mwenyekiti, mtu mwenye tumbo la heshima na skafu ndefu ya hariri, alikunja uso. "Kunifunga kama mbuzi wa mnada?"

"Nitakuwekea utepe juu ya kamba, mheshimiwa," akasema mke wa Breki. "Utafanana na zawadi."

Hilo akalikubali. Pazia akalikataa. "Tairi hazipendezi kwenye picha. Shusheni mpaka chini."

"Mheshimiwa, kitambaa na gurudumu havikai nyumba moja."

"Wewe endesha, mzee. Urembo tuachie sisi tuliosoma."

Breki alizunguka lori mara tatu, akapandisha pazia mwenyewe kila upande, kisha akapanda. Alipofunga mlango tu, katibu wa kamati akalishusha la kushoto, upande ambao dereva hauoni vizuri. Tena akachukua pini, akaibana skafu ya mwenyekiti kwenye pazia ili vionekane ni kitu kimoja. Katibu huyohuyo ndiye aliyepewa kutembea ubavu wa kushoto. Alitembea kweli, ila macho yalikuwa kwenye simu, anajipiga video.

Wakaondoka mwendo wa bibi harusi. Mambo yalikuwa shwari mpaka mwenyekiti aliposhika kipaza sauti.

"Basi, ndugu zangu…"

Kwiii! Lori likasimama. Kofia ya mweka hazina ikaruka. Wapiga tarumbeta waliotembea nyuma ya lori wakarundikana kama viazi.

Likaondoka tena. "Basi, kama nilivyokuwa nasema…"

Kwiii!

Mara ya nne watu wa kando ya barabara wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni mbwembwe za sherehe. Mke wa Breki, aliyekuwa ubavu wa kulia, akachungulia dirishani. "Baba watoto, hiyo ni hotuba!"

"Najua."

"Sasa?"

"Mguu haujui."

Bosi akaja mbio, tai imehamia begani. "Mzee! Ukisimama tena kwa basi ya hotuba, sisubiri Jumatatu. Ufunguo unanipa hapahapa!"

Breki akafuta jasho. Akauambia mguu wake, kwa sauti kabisa, "Sikiliza, wewe. Inayofuata tunaiacha ipite." Akakiona kiti cha getini, na daftari la wageni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Walipoanza kukata kona, kipaza sauti kikalia. "Basi!"

Alikusudia kuiacha. Naapa alikusudia. Mguu ukakanyaga.

Bosi alifika mlangoni mkono umenyooshwa. "Ufunguo." Breki akauchomoa, akampa bila kumtazama. Ndipo juu kule ikasikika sauti nyembamba, isiyofanana na ya mheshimiwa hata kidogo: "Basi, jamani! Basi, mama yangu!"

Wakazunguka upande wa kushoto. Pazia lilikuwa limejisokota kwenye gurudumu kama uzi kwenye bobini ya cherehani, limeivuta skafu, na skafu imemvuta mwenye shingo. Mwenyekiti alikuwa ameinama ukingoni mwa tela, nusu yake hewani, macho yanatazamana na tairi. Kilichomshikilia ni ile kamba ya mbuzi wa mnada. Nusu mzunguko mwingine, na hata kamba isingemfaa.

Fundi cherehani akatoa mkasi mfukoni. Kachu! Skafu kwanza, kisha pazia lote la gurudumuni. Mwenyekiti akarudi kitini, akihema, utepe bado uko kifuani. Katibu alikuwa amesahau kuzima simu, yote aliyarekodi.

Bosi akautazama ufunguo mkononi mwake. "Mzee, ulijuaje kwamba hii ilikuwa ya kweli?"

"Sikujua, bosi. Kwangu mimi zote ni za kweli."

Kijana akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili, kama mtoto anayemkabidhi mjomba wake kitu.

"Haya, basi, endelea."

Breki akapanda, akawasha, akashika usukani, akatulia tuli. Lori halikusogea.

"Nini tena, mzee?"

"Umesema basi. Anza upya."

Bosi akatazama huku na huku, akaona mtaa mzima unamsikiliza.

"Endelea," akasema.

Lori likaondoka. Juu ya tela mwenyekiti akakishika tena kipaza sauti, akafungua mdomo, akatazama chini kwenye tairi, akaufunga.

"Kwa hiyo, ndugu zangu…"