Aliyesimama Hatua Chache Kabla ya Utepe

Watu wa Kiirua, kule milimani Meru, wakikuambia kwamba Mithika ni mjinga, usiwaamini wote. Nusu yao wangeombwa wao wangesimama vilevile, ila maneno hayalipiwi ushuru, basi kila mtu anayo ya kusema.

Mithika ni mchukuzi wa maziwa. Asubuhi hupita mashambani akikusanya mitungi, huifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi kuukuu, kisha huupanda mlima mpaka kwenye kituo cha kupoza maziwa. Wenzake walihamia pikipiki zamani. Yeye alibaki na baiskeli, kwanza kwa ukaidi tu, halafu akagundua kwamba anapenda mbio. Akikuona umemtangulia barabarani, hata kama hamjuani, atakukimbiza mpaka akupite, ndipo akusalimie.

Sasa kuna mtu anaitwa Njura. Huyo ni muuza nafaka katika soko la Gakoromone mjini Meru, mzaliwa wa Tharaka, kule chini kwenye joto. Ukoo wake na ukoo wa Mithika ni gichiaro. Asiyejua jambo hili atamcheka Mithika bure, kwa hivyo sikiliza. Zamani za mababu koo hizo mbili zilikula kiapo cha damu, wakawa ndugu kupita ndugu wa tumbo moja. Gichiaro wako humdanganyi, humpigi, humnyimi. Akija kwako anakula kwanza, na anakula kinono. Akikuomba kitu kwa gichiaro unampa, hata kikiwa fahali wako wa pekee, kwa maana laana ya kumkatalia haina dawa. Na kwa kuwa hakataliwi, mtu mwenye haya haombi ovyo. Maisha yake yote Mithika aliona ombi hilo mara moja tu, akiwa mtoto. Mzee kutoka Tharaka alikuja kumwomba baba yake ng'ombe wa maziwa, kwa sababu binti yake alikufa akaacha mapacha wachanga. Baba hakuuliza swali. Alifungua boma, akatoa yule aliyekuwa akikamwa vizuri zaidi.

Njura ndiye aliyeleta habari za Mombasa. Kulikuwa na mashindano ya michezo mitatu kwa mfululizo: unaogelea baharini, unatoka maji yakikuchuruzika unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Klabu moja ya huko ilitangaza kwamba katika wale ambao hawajawahi kushiriki, atakayetangulia itamchukua akae kwao, afundishwe, na apewe kazi ya kufundisha watoto kuogelea. Nafasi ilikuwa moja. Mithika aliposikia hivyo alikosa usingizi. Umri ulikuwa unakwenda, na alijua kwamba asipotoka na miguu yake sasa, atazeeka nyuma ya mitungi.

Taabu ni kwamba hakujua kuogelea. Mtu wa Kiirua ataogelea wapi, kwenye shamba la viazi? Njura alikulia kwenye mto Kathita, maji kwake ni kama kitanda. Akamfundisha Mithika kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, katika yale maji ya kutoka mlimani ambayo yakikugusa unasahau jina lako. Alimshika tumbo asizame, akamtukana kwa upole, akamngoja atapike matope, akamrudisha ndani. Mithika naye akamfundisha mwenzake kupanda mlima kwa baiskeli bila kuvunjika moyo. Mke wa Mithika, Teresia, alizoea kupika kwa watu watatu. Hata siku ya ukame wa nyama, kipande kizuri kilikwenda kwa Njura, na Mithika alifurahi kumwona akikitafuna.

Siku ya kusafiri, wakiwa stendi ya Meru, Njura alimvuta kando. Alikuwa na uso wa kazi.

"Kule mimi na wewe si gichiaro," alisema. "Ni wakimbiaji wawili. Gichiaro tukiache hapa hapa, tutakikuta tukirudi. Anayeshinda ashinde."

Mithika alimkumbatia. Aliona mwenzake amesema maneno ya kiume, maneno ambayo yeye mwenyewe aliyatafuta akayakosa. Wakapeana mikono juu ya hilo.

Bahari ilimtesa. Maji ya bwawa hukaa mahali pake, haya yalimpanda kichwani, na chumvi ilimwingia puani mpaka akadhani ubongo unakatwa kachumbari. Alitoka karibu wa mwisho, akikohoa, huku watalii wakimpigia makofi ya huruma. Lakini alipopanda baiskeli, loo, hapo ndipo walipomjua. Barabara ya Mombasa ni tambarare, na mtu aliyezoea kubeba maziwa kupanda mlima akipewa tambarare na baiskeli tupu ni kama ndama aliyefunguliwa. Akawala mmoja mmoja. Alimkuta Njura mbele kabisa ya washiriki wapya, akampita pia, akamwita kwa jina, na Njura akaitika akicheka.

Kwenye kukimbia joto lilimkamua. Hata hivyo aliendelea kuongoza. Aliuona utepe wa washiriki wapya, akamwona mwanamke wa klabu amesimama na fulana ya kumvisha mshindi. Moyo ukamwambia, Mithika, umefika. Nyuma yake alisikia hatua za Njura zikikaribia kidogo, zikipungua, zikikaribia tena. Ndipo ile sauti ikaja, kwa Kimeru, ya chini, ya mtu anayepungukiwa na pumzi.

"Mithika, nakuomba kwa gichiaro. Niachie."

Na Mithika akasimama.

Usiniulize kwa nini. Kilichompitia kichwani ni yule mzee wa mapacha. Aliamini kumetokea msiba, kwamba Njura amepata habari mbaya kutoka nyumbani, kwamba nafasi ile imekuwa ya kufa na kupona. Mtu haombi hivyo kwa mchezo. Na yale ya stendi? Aliyakumbuka vizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo aliogopa zaidi: ni jambo gani hilo lililomfanya Njura alivunje neno lake? Basi akasogea pembeni, mikono kiunoni, akamtazama mwenzake akipita na kuukata utepe. Mkimbiaji mwingine naye akapita. Mithika akamaliza kwa kutembea.

Alimwendea Njura moja kwa moja, akamshika bega, akamuuliza nani amekufa. Njura, fulana mpya mwilini, alimwangalia kwa mshangao. Akamwambia hakuna aliyekufa, nyumbani ni salama. Aliona tu kwamba hataweza kumpita, na nafasi yenyewe ilikuwa moja. Akampigapiga mgongoni. Kisha kijana wa redio akaja na kinasa sauti kuuliza kwa nini yule aliyeongoza alisimama, na Njura akajibu bila kupepesa macho kwamba Mithika aliishiwa nguvu, watu wa milimani joto hawaliwezi.

Hapo ndipo Mithika alipoumia. Kushindwa angekubali. Hata kuombwa angesamehe. Lakini mtu akulie ng'ombe kisha akutangaze kwamba hukuwa na boma?

Redio ilifika Kiirua kabla yake. Wenye maziwa walimuuliza kama leo joto litamruhusu kupanda mlima. Teresia hakumcheka, alikasirika. Alimuuliza kama siku moja gichiaro akija kumwomba mke, atamfungia nguo kwenye kiroba amkabidhi. Mithika akaichukua baiskeli yake. Akaenda kwa baba yake mdogo, Marete, fundi wa viatu pale sokoni Kiirua, ambaye aliendelea kushona kiatu huku akimweleza jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo. Kiapo kina pande mbili. Njura kaomba kapewa, sasa ni zamu ya Mithika. Amwombe ile nafasi ya Mombasa, na Njura hana njia ya kukataa. Kufikia jioni soko zima lilijua, na lilikuwa linangoja.

Njura alikuja kuaga kabla ya kuhamia pwani, kwa kuwa hata yeye hangethubutu kuhama akiwa na kinyongo cha gichiaro mgongoni. Alileta asali ya Tharaka. Mila ni mila, kuku akachinjwa. Teresia alimtilia firigisi na paja, akaiweka sahani mezani kwa kishindo, akasimama mlangoni mikono kifuani. Njura alikula akisifu mchuzi, akizungumzia mvua, macho yake yakimkwepa mwenye nyumba.

Mithika akamngoja ameze.

"Njura, na mimi nakuomba kwa gichiaro."

Njura aliliweka paja kwenye sahani. Vidole vyenye mafuta vilishika magoti ya suruali mpya. Teresia alimkazia mumewe macho, kana kwamba anamsukuma kwa nyuma. Mithika alikuwa amekuja mezani na maneno ya Marete tayari mdomoni. Lakini alipomwona mwenzake, yule yule aliyemshika tumbo bwawani asizame, sasa akimwogopa hivyo, yale maneno aliyameza.

"Usiniombe tena kitu kwa gichiaro," alisema. "Wala mimi sitakuomba. Mpaka mmoja wetu azikwe."

Njura alisubiri, akidhani kuna lingine linakuja. Lilipokosa kuja, uso wake ulifunguka wote.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Njura akashusha pumzi, akacheka kidogo, akaliokota paja lake akaendelea kula.